Vyumba, Kuta na Milango: Uhakiki wa Lugha ya Majibu ya Vipimo vya Moyo katika Kiswahili cha Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya majibu ya vipimo vya moyo kama inavyomfikia msomaji wa Kiswahili katikati ya jiji la Dar es Salaam, hususan eneo la Mchafukoge na Kariakoo. Mjadala wa istilahi za tiba umezoea kuuliza kama Kiswahili kina majina ya kutosha. Makala yanadai kuwa swali hilo halifiki kwenye kiini cha tatizo. Majina ya sehemu za moyo yapo, na yamejengwa juu ya sitiari moja iliyoshikamana, sitiari ya nyumba. Kinachopungua ni vitenzi vya kueleza mwendo wa moyo na maneno ya kueleza kadiri ya kasoro. Kwa kuwa vipimo vya moyo hupima mwendo na kadiri, pengo hilo ndilo linalomfanya mgonjwa aogope pasipo sababu au atulie pasipostahili. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuliziba.

1.0 Utangulizi

Kata ya Mchafukoge, katika Wilaya ya Ilala, imebeba jina ambalo lenyewe ni agizo la afya. Sehemu ya kwanza ni mchafu. Sehemu ya pili yaweza kuchanganuliwa kuwa umbo la dhamira tegemezi la kitenzi koga, ambalo ni umbo la pwani la oga, au kuwa mkato wa kaoge. Kwa uchanganuzi wowote kati ya hiyo miwili, maana haimpotei msemaji: aliye mchafu na akaoge. Jirani yake, Kariakoo, jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho jina lake la Kiingereza lilipitishwa katika fonolojia ya Kiswahili likatoka likiwa neno la Kiswahili kamili. Majina haya mawili yanaonyesha njia mbili ambazo lugha hii hutumia kujipatia maneno: kuunda kwa mizizi yake yenyewe, na kutohoa.

Katika mitaa hiyohiyo, kati ya maduka ya jumla, maduka ya dawa na vituo vya uchunguzi, watu hutembea wakiwa na bahasha zenye majibu ya vipimo. Bahasha ya majibu ya moyo aghalabu huwa na moja kati ya karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kipimo cha umeme wa moyo, yenye mistari inayopanda na kushuka juu ya miraba midogo. Ya pili ni ya kipimo cha eko, ambacho hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha moyo ukiwa unapiga. Karatasi zote mbili huandikwa kwa Kiingereza. Mwenye bahasha, ambaye elimu yake ya msingi ilikuwa kwa Kiswahili, huisoma kwa msaada wa mwanawe aliye sekondari, wa ndugu, au wa muuzaji wa duka la dawa, kabla hajamfikia daktari aliyemtuma. Usomaji huo wa njiani ni tukio la tafsiri. Hauna mhariri wala kamusi, lakini uamuzi hufanywa kwa kuutegemea: kumeza dawa au kuiacha, kurudi kliniki au kukaa nyumbani.

Makala haya yanaichukulia karatasi ya majibu kuwa matini, na yanaihakiki kama inavyohakikiwa matini yoyote: nani anasema, anamwambia nani, kwa maneno gani, na maneno hayo yanageukaje yanapoingia katika lugha nyingine. Hakuna cheti cha mgonjwa yeyote kilichotumika. Mifano imetungwa kwa kufuata virai vilivyozoeleka katika taarifa za aina hii duniani kote, kwani taarifa hizo hufuata ruwaza moja.

2.0 Matini yenye Wasomaji Wawili

Nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Hans Vermeer mwishoni mwa miaka ya 1970, inashikilia kwamba tafsiri huongozwa na lengo la matini katika utamaduni wa wapokeaji. Tukiitumia hapa, jambo la kwanza linalojitokeza ni kwamba karatasi ya majibu ina lengo moja na wasomaji wawili. Imeandikwa na mtaalamu kwa ajili ya mtaalamu mwenzake. Ndiyo maana haina salamu, haina nafsi ya pili, na hufunga kwa kumtaka msomaji ayalinganishe majibu na hali ya mgonjwa. Mgonjwa anatajwa katika nafsi ya tatu, au hatajwi kabisa. Hata hivyo, ndiye mchukuzi wa karatasi, na ndiye anayeifungua kwanza.

Mitindo ya taarifa hizi huongeza ugumu. Kiingereza cha kitabibu hupenda nomino zilizorundikana pasipo kitenzi. Sentensi nzima yaweza kuwa kivumishi na nomino mbili, na mtaalamu akaelewa. Kiswahili hakiruhusu ufupi huo kirahisi. Kitenzi cha Kiswahili hudai kiambishi cha nafsi au cha ngeli, na hudai alama ya wakati au hali. Anayetafsiri kirai cha Kiingereza kinachotaja kurudi nyuma kwa damu analazimika kuamua: damu inarudi, imerudi, au hurudi? Kirai cha asili hakikuuliza swali hilo. Mfasiri wa njiani hulijibu kwa kubahatisha, na jibu lake ndilo linalobaki kichwani mwa mgonjwa.

Kuna pia sauti ya tatu ndani ya matini, ambayo ni ya mashine. Mashine nyingi za kipimo cha umeme wa moyo huchapa tafsiri ya kompyuta juu ya karatasi pamoja na tamko kwamba tafsiri hiyo haijathibitishwa na daktari. Tamko hilo ni neno moja dogo pembezoni. Msomaji asiyejua desturi ya matini huona neno kubwa linalosema kuwa kipimo si cha kawaida, na hapati kujua kuwa aliyelisema si binadamu, wala kwamba kauli yake ingali inasubiri kuthibitishwa.

3.0 Nyumba ya Moyo: Ufanisi wa Nomino

Ni haki kuanza na kile ambacho Kiswahili kimekwisha kukifanya. Taasisi za lugha zimefanya kazi ya istilahi za sayansi kwa miongo mingi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko kikafuata mwaka 1992. BAKITA nayo imekuwa ikisanifu istilahi tangu ilipoundwa mwaka 1967. Nje ya taasisi hizo, wauguzi, walimu na waandishi wa habari wameunda msamiati wao wa kueleza moyo, na msamiati huo umeshikamana kwa namna ya kuvutia.

Moyo wa binadamu, katika Kiswahili cha leo, ni nyumba. Una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Vyumba vina kuta, na kati ya vyumba kuna milango. Kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili mwaka 2015 kulizidisha habari za upasuaji wa moyo katika magazeti na redio, na neno milango ya moyo limepata makazi ya kudumu katika habari hizo, ingawa valvu nalo lipo. Msikilizaji haambiwi maana ya mlango wa moyo, kwa kuwa sitiari inajieleza. Uwazi wa aina hii ndio unaoonekana pia katika kichwamaji, neno ambalo Euphrase Kezilahabi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1974: ugonjwa na umbo lake vimo ndani ya neno lenyewe.

Sitiari ya nyumba ina faida tatu. Kwanza, inatoka katika maisha ya msemaji. Pili, ni mfumo, kwa hiyo ukijua chumba utakisia ukuta na mlango. Tatu, inazaa, kwa maana kwamba mtu aweza kusema ukuta umekuwa mnene au mlango umebana pasipo kuhitaji neno jipya. Kwa kigezo cha majina, basi, lawama kwamba Kiswahili hakina maneno ya moyo haina msingi.

Tatizo linaanza pale tunapokumbuka kwamba nyumba haitembei. Sitiari ya nyumba inatupa mahali na haitupi mwendo. Lakini kipimo cha umeme wa moyo hupima mpangilio na kasi ya mapigo, na kipimo cha eko hutazama namna kuta zinavyobana na kulegea, namna milango inavyofunguka na kufunga, na kiasi cha damu kinachosukumwa. Kitu kinachopimwa ni kitendo. Tumelipatia jengo majina, na kazi inayofanyika ndani yake hatujaipatia maneno ya kutosha.

4.0 Vitenzi: Mlango Unaovuja na Moyo Uliofeli

Tuanze na mlango. Kasoro inayotajwa sana katika taarifa za eko ni ile ya damu kurudi nyuma kwa sababu mlango haukufunga sawasawa. Kiingereza huiita kwa neno linalotumika pia kwa mtoto anayetapika maziwa. Kisawe chake cha moja kwa moja ni kucheua, neno ambalo kwa msemaji wa Kiswahili ni la mtoto mchanga au la ng'ombe. Katika mazungumzo ya kawaida, kitenzi kilichochukua nafasi ni kuvuja: mlango wa moyo unavuja. Hapa ukubaliano wa maneno umevunjika. Katika Kiswahili, paa huvuja, ndoo huvuja, bomba huvuja, lakini mlango hauvuji. Zaidi ya hayo, kuvuja ni kitenzi cha uharibifu. Paa linalovuja ni bovu, na litazidi kuwa bovu lisipozibwa.

Athari yake si ya kimtindo tu. Kurudi nyuma kwa damu kidogo sana, hasa kwenye mlango wa upande wa kulia, huonekana kwa watu wengi wenye afya, na mtaalamu huliandika kwa ajili ya ukamilifu wa taarifa. Likipita katika kitenzi kuvuja, jambo hilo la kawaida linageuka kuwa nyumba inayohitaji fundi. Ilhali sitiari yetu wenyewe ina kitenzi kinachofaa: mlango haufungi sawasawa. Kila mwenye nyumba anajua mlango usiofunga sawasawa ambao umekaa hivyo miaka mingi bila madhara, na anajua mwingine ambao lazima ubadilishwe. Kitenzi hiki kinaacha nafasi ya kadiri. Kuvuja hakiiachi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kiingereza kina jina la hali ambayo moyo hausukumi damu kwa kiasi ambacho mwili unakihitaji, na jina hilo limejengwa juu ya neno "failure". Kiswahili rasmi husema moyo kushindwa kufanya kazi, na Kiswahili cha mitaani husema moyo kufeli. Kufeli kunatoka darasani, ambako aliyefeli amefeli na matokeo yamekwisha kubandikwa ukutani. Kushindwa nako ni kwa mwisho wa pambano. Viambishi huzidisha uzito: moyo umefeli, moyo umeshindwa. Kiambishi -me- hueleza tendo lililotimia ambalo hali yake ingalipo. Msikilizaji hupokea habari ya moyo uliokwisha, na huenda akachanganya hali hiyo na moyo kusimama, ambalo ni tukio la ghafla na la dharura. Katika tiba, hali hiyo ya kwanza aghalabu ni ya polepole na ya ngazi, na wapo wanaoishi nayo kwa miaka kwa msaada wa dawa. Anayeambiwa kuwa moyo wake umefeli ana sababu ya kujiuliza dawa ni za nini.

Kiswahili kimewahi kukutana na uchaguzi kama huu. Kirefu cha UKIMWI kimeandikwa kwa namna mbili: Ukosefu wa Kinga Mwilini na Upungufu wa Kinga Mwilini. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukosefu ni hali ya kutokuwapo kabisa, na upungufu ni hali yenye kadiri inayoweza kupanda au kushuka. Neno la pili linaacha mlango wa tiba wazi. Kwa mantiki hiyo, makala haya yanapendekeza upungufu wa kazi ya moyo. Upungufu wa nguvu za moyo ungeeleweka pia, ila katika mabango na matangazo ya Dar es Salaam upungufu wa nguvu umekwisha kuchukuliwa na nguvu za kiume, na istilahi haifai kuanza maisha yake ikiwa na kicheko nyuma yake. Neno kazi lina faida nyingine ya kimantiki. Kuna moyo usiosukuma vizuri, na kuna moyo unaosukuma vizuri lakini haujai vizuri kwa sababu kuta zake zimekakamaa. Upungufu wa kazi ya kusukuma na upungufu wa kazi ya kujaa ni jozi inayolibeba jambo hilo bila kukopa.

Ukuta nao una kisa chake. Kuta za moyo zinapoongezeka unene kwa sababu ya shinikizo la damu la muda mrefu, tafsiri rahisi ni kunenepa. Katika jamii ambayo kunenepa kumekuwa ishara ya neema na kukonda ishara ya maradhi, ukuta ulionenepa unasikika kama ukuta wenye afya. Kitenzi kutuna, kinachotumika kwa msuli uliokazwa, kiko karibu zaidi na ukweli: ukuta umetuna kwa kufanya kazi kupita kiasi.

5.0 Kadiri: Wastani, Hasi na Asilimia

Pengo la pili ni la maneno ya kadiri, na pengine hapa ndipo makosa makubwa zaidi hutokea, kwa sababu maneno yanayohusika yanaonekana mepesi. Taarifa za moyo hupanga kasoro katika ngazi tatu kuu. Tafsiri iliyozoeleka ya ngazi ya kwanza ni hafifu, ya kati ni wastani, na ya juu ni kali.

Hafifu lina sura mbili. Maumivu hafifu ni maumivu madogo, lakini bidhaa hafifu ni bidhaa duni. Kasoro hafifu ya moyo ni habari njema, na utendaji hafifu wa moyo ni habari mbaya, ingawa kivumishi ni kilekile. Wastani lina hatari kubwa zaidi. Katika taarifa, ngazi ya wastani ni kasoro halisi inayohitaji kufuatiliwa. Katika Kiswahili cha kila siku, wastani ni pale watu wengi walipo: mapato ya wastani, mwanafunzi wa wastani, hali ya wastani. Anayesoma kwamba mlango wake una kasoro ya wastani anaweza kuelewa kwamba yuko sawa na wengine, asirudi kliniki.

Hasi na chanya nazo ziliingia katika matumizi ya watu wengi kupitia kipimo cha virusi vya UKIMWI, ambapo hasi ni faraja. Katika kipimo cha moyo cha kukimbia kwenye mashine, jibu hasi vilevile ni faraja. Lakini katika mistari ya umeme wa moyo, wimbi linaloelezwa kuwa hasi ni lile lililogeuka kuelekea chini ya mstari, na mahali pengine kugeuka huko ni dalili ya tatizo. Neno moja, karatasi mbili za bahasha moja, na thamani zinazopingana.

Mkanganyiko mwingine unatoka katika neno sainasi. Wengi jijini wanalifahamu kama jina la maradhi ya pua na paji la uso. Katika taarifa ya umeme wa moyo, mdundo wa sainasi ni mdundo unaoanzia mahali pake pa asili katika chumba cha juu cha kulia, nao ndio mdundo wa mtu mzima wa afya. Maneno yote mawili yana asili moja ya Kilatini, yenye maana ya mpindo au uwazi. Msomaji wa njiani hana njia ya kulijua hilo, na huenda akaamini kwamba daktari wa moyo amemgundulia ugonjwa wa pua.

Hata tarakimu, ambazo hudhaniwa kuwa hazihitaji tafsiri, zinahitaji. Taarifa ya eko hutaja asilimia ya damu inayosukumwa nje ya chumba cha chini cha kushoto katika kila pigo. Kiwango cha kawaida ni takriban asilimia 55 hadi 70. Hakuna moyo unaotoa asilimia 100, kwa kuwa daima hubaki akiba chumbani. Msomaji wa Tanzania, hata hivyo, amefundishwa kusoma asilimia na mitihani. Katika madaraja ya mtihani wa kidato cha nne, alama 60 ni C, na alama 35 ni D, yaani amefaulu. Kwa usomaji huo, mwenye moyo mzima wa asilimia 60 atajiona wa kati, na mwenye asilimia 35, ambayo ni upungufu mkubwa wa kazi ya kusukuma, atajipongeza kwa kutofeli. Tarakimu bila kipimio chake ni neno lisilo na muktadha.

Mwisho wa sehemu hii ni kauli za tahadhari. Mtaalamu anapoandika kwamba shambulio la zamani haliwezi kutengwa, anaeleza mpaka wa kipimo chake. Tafsiri ya neno kwa neno iliyo karibu zaidi ni haliwezi kuondolewa. Lakini kuondoa ugonjwa, katika Kiswahili, ni kuutibu. Kauli ya unyenyekevu wa kisayansi inageuka kuwa hukumu ya ugonjwa usiotibika.

6.0 Moyo wa Lugha na Moyo wa Tiba

Hadi hapa tumetazama safari ya maneno kutoka kwa daktari kwenda kwa mgonjwa. Safari ya kurudi ina mtego wake. Moyo wa Kiswahili ni mpana kuliko moyo wa tiba. Unabeba ushujaa, nia na huruma: tunapiga moyo konde, tunatiana moyo, tunavunjika moyo. Matumizi hayo ya kisitiari hayaleti shida kubwa, kwani muktadha huyatofautisha. Shida inaletwa na matumizi ya kimwili. Chembe cha moyo ni mahali chini ya mfupa wa kifua, palipo jirani na tumbo. Moyo kuchafuka ni kichefuchefu. Anayesema moyo unamuuma huenda anaonyesha palepale kwenye chembe cha moyo, na chanzo kikawa tumbo. Kinyume chake pia hutokea, kwani maumivu ya moyo wenyewe huweza kusikika mahali hapohapo.

Presha ni mfano wa aina hiyo. Neno hili limeshinda shinikizo la damu katika matumizi, na limezaa jozi yake: presha ya kupanda na presha ya kushuka. Taarifa ya eko inapotaja shinikizo lililozidi katika mishipa ya mapafu, mfasiri wa njiani husema una presha. Mgonjwa aliyepimwa mkono asubuhi na kuambiwa yuko sawa anaona karatasi mbili zinazogombana, na huenda akaidharau ile anayoilipia zaidi. Kuongeza neno moja, presha ya mapafu, kungetosha kuondoa ugomvi huo.

Wanaleksikografia wameshughulika na maana hizi kama maana za kamusi. Ni wakati wa kuzichukulia kuwa maana za kliniki, kwa sababu daktari anayejifunza tiba kwa Kiingereza na kuwasikiliza wagonjwa kwa Kiswahili anavuka mpaka huu kila siku.

7.0 Pingamizi na Mapendekezo

Wapo watakaosema kwamba taarifa ya kitaalamu si barua ya mgonjwa, na kwamba kuiandika kwa Kiswahili kutapunguza umakini na kuikata na ulimwengu wa tiba. Hoja hiyo ina uzito katika sehemu yake ya pili. Mgonjwa wa Dar es Salaam huweza kutibiwa nje ya nchi, na taarifa yake lazima isomeke huko. Lakini hoja haijibu suala la msomaji wa pili, ambaye tayari yupo na tayari anasoma. Isitoshe, nchi imekwisha kuikabili hoja ya aina hii kwingineko. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama, mahali ambapo umakini wa neno ni suala la uhuru wa mtu. Aliyeona inafaa mshtakiwa aelewe hukumu yake atakuwa na kazi ngumu kueleza kwa nini mgonjwa asielewe moyo wake.

Pendekezo la makala haya ni la kiasi: taarifa ya kitaalamu ibaki ilivyo, na chini yake iongezwe aya moja ya Kiswahili yenye msomaji wake bayana. Ili kuonyesha kuwa jambo hili linawezekana kwa maneno yaliyopo, tulinganishe matini mbili zilizotungwa. Ya kwanza inafuata njia ya neno kwa neno:

Mdundo wa kawaida wa sainasi. Utendaji wa ventrikali ya kushoto umehifadhiwa, asilimia 60. Kucheua kwa wastani kwa valvu ya mitra. Shambulio la zamani haliwezi kuondolewa. Linganisha na hali ya kitabibu.

Ya pili inafuata njia inayopendekezwa:

Moyo wako unapiga kwa mpangilio wake wa asili. Chumba cha chini cha kushoto kinasukuma damu vizuri: katika kila pigo kinatoa asilimia 60 ya damu iliyomo, na kwa watu wenye afya ni takriban asilimia 55 hadi 70. Mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto haufungi sawasawa, na damu kiasi inarudi nyuma. Hii ni ngazi ya pili kati ya tatu, na inahitaji kufuatiliwa. Kipimo hiki peke yake hakitoshi kuonyesha kama moyo uliwahi kupata shambulio huko nyuma. Daktari aliyekutuma atayasoma majibu haya pamoja na historia yako. Usiache dawa wala kuanza nyingine kabla ya kumwona.

Matini ya kwanza ina maneno ya Kiswahili. Matini ya pili ina sentensi za Kiswahili. Hakuna istilahi mpya hata moja ndani yake. Kilichobadilika ni mambo manne: kitenzi chenye mtenda kimechukua nafasi ya nomino, kadiri imewekwa kwa ngazi yenye idadi, tarakimu imepewa kipimio chake, na kauli ya tahadhari imeelekezwa kwa kipimo badala ya kuelekezwa kwa ugonjwa. Aidha, nafsi ya pili imerejeshwa.

Kutokana na ulinganisho huo, kazi inayozikabili taasisi za istilahi inaweza kubainishwa. Orodha za istilahi za tiba zipanuliwe zihusishe vitenzi na mazingira yake ya kisintaksia: mlango hufunga au haufungi, ukuta hutuna au hukakamaa, chumba hujaa au hakijai, damu husonga au hurudi. Neno wastani liepukwe katika kueleza kasoro, na nafasi yake ichukuliwe na kiasi, likiambatana na idadi ya ngazi. Kazi hii haiwezi kufanywa na wanaisimu peke yao wala na madaktari peke yao, na rasimu yake ipimwe kwa wasomaji wa bahasha wenyewe kabla ya kusanifiwa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba lugha ya majibu ya vipimo vya moyo haimshindi msomaji wa Kiswahili kwa ugeni wa majina yake. Majina ya vyumba, kuta na milango anayo, na anayaelewa. Humshinda pale maneno mepesi yanapobeba maana nzito: kuvuja, kufeli, wastani, hasi, kuondoa. Uhakiki wa istilahi ambao huhesabu nomino pekee utaendelea kutangaza ushindi huku mgonjwa akiendelea kusoma asilimia 35 kama alama ya kufaulu. Taaluma ya Kiswahili ina zana za kulishughulikia jambo hili, zikiwamo sarufi ya hali ya kitenzi, nadharia ya tafsiri na uchanganuzi wa rejesta. Utafiti wa uwandani katika maabara, maduka ya dawa na kliniki za katikati ya jiji, wenye ridhaa za wahusika, ndio hatua inayofuata, kwani huko ndiko maneno haya hufasiriwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuitwa wafasiri.